Muulize Fundi: Gari linazima likipata joto, na baba mdogo anasema namdanganya

Mzee Fundi, jambo sana.

Mimi ni dereva wa taksi hapa Bukavu, naishi Panzi. Gari si langu, ni la baba mdogo: Toyota Carina ya 1993, injini 4A isiyo na kabureta, usukani kulia, vitesi vya mkono. Kila jioni nampelekea hesabu yake na gari linalala kwake.

Asubuhi linawaka mara moja. Napiga safari mbili tatu, Panzi mpaka Place, hakuna neno. Ikifika saa tano au saa sita, jua limepanda, nina abiria watano na mizigo, nikishika mpando wa Kadutu, linakata. Halikohoi, halitetemeki. Ni kama mtu amenyoosha mkono akafunga kontakti, yaani akazima swichi ya ufunguo. Taa nyekundu zinawaka, usukani unakuwa mzito kama mfuko wa simenti. Demareri (stata) inazunguka vizuri kabisa lakini injini haishiki. Abiria wanashuka wakinung'unika. Juzi mama mmoja wa samaki alinidai nauli yake na ya ndoo yake. Mimi nafungua kapo (boneti), nagusagusa nyaya ili nionekane nafanya kitu. Baada ya dakika ishirini hivi, hata nisipogusa chochote, linawaka kama halijawahi kuugua.

Sindano ya joto haipandi, inakaa katikati. Siku za mvua halinisumbui.

Fundi wa kwanza alisema ni betri: dola 70. Wa pili alijaribu likiwa bado limezima, akaona esansi (petroli) haifiki, akasema pompi: dola 40, na buji (plagi) nne za dola 16. Sasa wa tatu anasema ubongo wa gari, yaani kompyuta yake, umeungua, na anao mwingine wa dola 150.

Shida kubwa ni baba mdogo. Jioni nikifika kwake gari limeshapoa. Anaingia, anawasha, linawaka. Anazunguka nalo uani, anashuka, ananitazama tu. Wiki jana alisema mbele ya mama mdogo na watoto kwamba dola 126 zimeliwa, na kwamba gari huzima siku ambazo hesabu haijatimia. Huyu mzee ndiye aliyenilea tangu baba yangu alipofariki. Nifanye nini, na gari na yeye?

Aksanti sana.

Dereva wa Panzi

*

Mwanangu,

Nakuamini, na sababu ni zile dakika ishirini. Dereva anayetaka kula hesabu hutunga kitu kinachoshikika: pancha, mkanda umekatika, breki zimeisha. Hakuna anayekaa chini akatunga gari linalokufa saa sita na kufufuka saa sita na dakika ishirini bila kuguswa. Ugonjwa huo upo, nimeufukuza kwenye magari mengi, na ubaya wake ni kwamba huondoka kabla fundi hajafika.

Ndivyo ilivyokuwa kwa fundi wa kwanza na wa tatu. Gari liliwafikia limepoa, linanguruma vizuri, kama mtoto mwenye homa za usiku anayepelekwa zahanati saa nne asubuhi akicheza njiani. Walikisia. Wa pili alilikuta linaumwa, na nitarudi kwake, maana alikaribia kulipata akapitiliza. Kuanzia leo usinunue kitu. Huo ubongo wa dola 150 uache kwenye rafu yake. Gari lako litakamatwa barabarani likiwa limezima, ndani ya dakika tano za kwanza, na wa kulikamata ni wewe, si gereji.

Barua yako imeshanipa nusu ya jibu. Umesema halikohoi. Gari linalokosa esansi hukohoa: linavuta, linalegea, linavuta tena, ukikanyaga ndiyo linazidi kunyong'onyea, na linaweza kukubeba hivyo mita mia mbili kabla ya kufa. Cheche zikikatika hakuna kuaga. Umesema pia siku za mvua linakaa sawa. Kama nyaya za buji zingekuwa zimepasuka, mvua ingekuwa adui yako wa kwanza, maana umeme ungevujia kwenye unyevu. Kwako mvua ni dawa, kwa sababu inapoza chini ya kapo. Kuna kitu cha umeme kinachoishi karibu na injini, kikipata joto kinaachia, kikipoa kinashika.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni bobini, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaiita koili. Ndani yake kuna waya wa aina mbili umezungushwa kwenye chuma: mnene wa mizunguko michache, na mwembamba kama unywele wa mizunguko maelfu. Volti 12 za betri zinaingia upande wa waya mnene, na zinapokatwa ghafla upande wa pili unatema zaidi ya volti 20,000, ndizo zinazoruka kwenye buji. Waya huo umepakwa vanishi ili mzunguko mmoja usiguse mwingine. Baada ya miaka thelathini ya kupikwa na kupoa, vanishi inachakaa na waya unapasuka mahali. Ukiwa baridi, ncha mbili za ufa zinagusana na umeme unapita. Ukipata joto shaba inatanuka, ufa unafunguka, cheche zinakwisha. Gari linasimama, linapoa, ncha zinagusana tena, ushahidi umefutika. Ndiyo maana mtu anayepima bobini asubuhi, injini ya baridi, akakwambia ni nzima, hajakwambia kitu.

Sasa tega mtego. Ndani ya gari weka buji moja ya zamani lakini nzima, spana yake, kipande cha waya chenye urefu wa kiganja kilichochunwa ncha zote mbili, kitambaa, na chupa ya maji. Halafu fanya kazi yako kama kawaida mpaka likate.

Likikata, kwanza okoa watu. Injini ikizima, breki zinabaki na pumzi ya kukanyaga mara mbili, tatu, kisha mguu unakuta ukuta. Kwa hiyo kanyaga mara moja na ushikilie, usipigepige. Vuta breki ya mkono, tia vitesi ya kwanza, weka jiwe nyuma ya gurudumu. Jiwe Bukavu hulikosi.

Kama likikata mahali pa tambarare na gari bado linatembea, usikanyage ambreyaje (klachi) haraka. Tazama sindano ya mizunguko ya injini, kama gari lako linayo. Magurudumu bado yanaizungusha injini, kwa hiyo sindano ingepaswa kushuka polepole pamoja na mwendo. Ikianguka sifuri papo hapo wakati injini inazungushwa, basi mtambo wa cheche umenyamaza. Kipimo hicho hakigharimu hata faranga, na madereva wengi hawakijui kwa sababu macho yao wakati huo yako kwenye kioo cha nyuma, ambako pia yanapaswa kuwa. Ukishindwa kuangalia, samehe, kuna vipimo vingine.

Ukiwa umesimama, funga kontakti, ifungue tena bila kupiga demareri. Tafuta taa ya injini kwenye dashibodi, ile ya njano. Lazima iwake. Ikiwaka, ubongo unapata umeme. Isipowaka wakati gari limezima, lakini jioni likiwa limepoa inawaka, umepata mkosaji mwingine kabisa: rele kuu, au sahani za ndani za kontakti zilizoungua. Rele ni kijisanduku cha dola chache. Ibadilishe na nyingine ya aina ileile iliyomo kwenye sanduku hilohilo la fyuzi, uone.

Baada ya hapo, cheche. Chomoa waya mmoja wa buji, uchomeke kwenye ile buji yako ya akiba, ilaze buji hiyo juu ya chuma cha injini ili iguse masi (chuma kitupu) vizuri, mbali na bomba lolote la esansi. Usiishike kwa mkono. Usiuache waya ukining'inia hewani, maana umeme ukikosa pa kurukia unatafuta njia ndani ya bobini na modyuli, kile kifaa kinachokata na kuachia umeme wa bobini, na kuziua kweli. Mtu mwingine azungushe ufunguo. Nani, nitakwambia mwishoni. Wewe tazama ncha ya buji, jikinge na jua kwa kapo au kwa koti. Cheche nzima ni ya bluu na inalia ta-ta-ta. Ya njano, nyembamba, isiyo na sauti, ni mgonjwa. Ikiwa giza tupu, tumefika.

Hapa ndipo nimrudie fundi wako wa pili. Alikuta esansi haifiki, na sidhani alisema uongo. Lakini Toyota za wakati huo zina tabia ambayo mafundi waliokulia kwenye kabureta huisahau. Kila cheche inapotoka, modyuli inautumia ubongo taarifa kwamba kazi imefanyika. Taarifa isipokuja mara kadhaa mfululizo, ubongo unafunga sindano za esansi, ili usimwage mafuta kwenye injini isiyo na moto. Na ishara ya mzunguko kutoka kwenye delko, kile chombo kinachogawa cheche kwa buji, ikikatika, hata pompi inaweza kunyimwa umeme. Basi ukitoa buji unaikuta kavu, unalaumu pompi, kumbe pompi imetumwa kulala na tatizo la cheche. Kwa hiyo pima cheche kwanza, esansi baadaye. Ukigeuza, utanunua pompi, kama ulivyonunua.

Ubongo huohuo unaotaka kuutupa ndio shahidi wako. Chini ya kapo tafuta kisanduku kidogo cha plastiki chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ukikifungua, ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Kontakti ikiwa imefungwa, unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kale kawaya kako. Fungua kontakti bila kuwasha injini, halafu hesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa kwa kasi moja bila kukoma, haina la kusema. Ikipepesa mara moja, ikapumzika, ikapepesa mara nne, hiyo ni 14: taarifa ya cheche imekosekana. Mara moja kisha mbili ni 12: ishara ya mzunguko kutoka delko. Mbili na mbili ni 22, sensa ya joto la maji. Mambo haya hubaki kwenye kumbukumbu mpaka umeme wa ubongo ukatwe. Unajua nani aliukata? Fundi wa betri. Dola 70, na ushahidi ukaenda na betri ya zamani. Safari hii mtu asitoe betri wala fyuzi ya EFI kabla hujahesabu.

Tuseme cheche hakuna. Angalia kofia ya delko. Ukiona waya mmoja unaotoka katikati yake kwenda kwenye kitu kingine pembeni, bobini iko nje. Lowesha kitambaa, kikamue kisitiririke, ukifunike kwenye mwili wa bobini bila kugusa mdomo wake wala nyaya. Ngoja dakika mbili tatu. Gari likiwaka baada ya hapo, badala ya dakika zako ishirini za kawaida, huhitaji kumwuliza mtu. Lakini ukiona nyaya nne tu, za kwenda kwenye buji, bobini imejificha ndani ya delko, na Toyota nyingi za miaka ile ziko hivyo. Hapo usilete maji kabisa: tone moja ndani ya kofia linazima gari kwa sababu nyingine na utachanganyikiwa. Geuza mchezo. Siku umeme upo, asubuhi injini ikiwa baridi, mwombe dada wa saluni akuazime mashine ya kukausha nywele. Washa gari, liache lizunguke lenyewe, puliza joto kwenye delko peke yake. Injini ikiwa bado vuguvugu na gari likakata, umelikamata kwenye kivuli cha nyumba, bila abiria wa kukutukana.

Kwa mita ya umeme, upande wa waya mnene kwenye bobini za aina hii kwa kawaida husoma omu moja na kitu, na upande wa waya mwembamba omu elfu kumi na kitu, zikipanda kidogo kwa joto. Kupanda kidogo ni kawaida. Mita ikigoma kusoma kabisa wakati kitu kina joto, kimekufa. Bobini ikiwa nzima hata ikiwa ya moto, mshukiwa anayefuata ni kile kikoili kidogo ndani ya delko kinachosoma mzunguko, kisha modyuli. Modyuli haipimiki kwa mita ya kawaida. Hiyo unaazima nzima kwa mwenzako mwenye Carina kama yako kwa nusu siku. Kijiwe chenu kina Carina ngapi? Tumieni undugu huo kwa kitu cha maana.

Na kama cheche ipo, ya bluu, inalia? Basi nimekosea na tunaenda nyuma kwenye tangi. Kwenye kisanduku kilekile kuna matundu ya +B na FP. Kontakti ikiwa imefungwa, yaunganishe, kisha fungua kontakti: pompi inalazimika kufanya kazi, na ukitega sikio kwenye kiti cha nyuma unaisikia inavuma. Ikinyamaza gari likiwa na joto na ikavuma likiwa limepoa, ni pompi au umeme unaoifikia, hata kama ni mpya. Na hapa, mwanangu, nikuulize kitu ambacho hukuandika: unanunua esansi lita ngapi kwa mara moja? Madereva wetu wengi ni lita tano, kwa kadhafi, muuza esansi wa kando ya njia, kwenye bidoni la njano. Pompi ya ndani ya tangi inapozwa na esansi inayoizunguka. Tangi likiwa chini siku nzima, pompi inakaa uchi, inapata joto na inanyonya uchafu wa chini. Kwenye mpando mkali esansi kidogo iliyobaki inakimbilia upande mmoja. Ukiweza, acha robo ya tangi kama akiba isiyoguswa. Najua ni pesa iliyolala. Pompi nayo ni pesa.

Fungua pia kifuniko cha tangi wakati gari limezima. Ukisikia linavuta pumzi, fyuuu, halafu likawaka, tundu la hewa limeziba. Hili nalitaja kwa aibu. Zamani niliwahi kubadilisha pompi mbili kwenye Peugeot 504 ya mteja aliyekuwa akienda Kavumu kila siku. Kila mara gari lilikata njiani, kila mara liliwaka baada ya yeye kufungua tangi kutazama kama ameibiwa esansi. Alikuwa amepoteza kifuniko, akaziba kwa mfuko wa nailoni na kitambaa, barabara kabisa, hewa haipiti. Mimi nilikuwa nautoa mfuko ule kwa mkono wangu, nauweka pembeni, natengeneza, naurudisha. Pompi ya pili sikumlipisha.

Wenye magari ya kabureta wanaonisoma nao wana lao. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na sisi tunaishi juu ya ziwa. Hewa hapa ina uzito pungufu, kama asilimia 85 ya ile ya pwani, kwa hiyo esansi inachemka mapema. Ukisimama kwenye foleni baada ya mpando, esansi iliyo kwenye bomba jembamba karibu na injini inageuka mvuke, na pompi inasukuma mapovu. Kitambaa chenye maji juu ya pompi na bomba kinatoa jibu. Lisogeze bomba mbali na chuma cha ekzosi. Kama badala yake buji zina masizi meusi na gari linanuka esansi, tazama choki: huenda haifunguki injini ikipata joto. Hayo si yako wewe.

Maji pia yanachemka mapema huku kwetu, kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kinachoyazuia ni kifuniko cha radiateri, kile kilichoandikwa 0.9 au 1.1 juu yake. Mpira wake ukichoka, maji yanakimbia. Nawe umesema sindano inakaa katikati, vizuri, lakini sensa ikibaki kwenye mvuke bila maji inaweza kukudanganya. Asubuhi, injini baridi, fungua uone maji yako wapi. Dakika moja tu, tuondoe shaka hiyo.

Sasa baba mdogo.

Kukuita mwizi mbele ya watoto hakukuwa sawa, na ninasema hivyo nikiwa mtu wa rika lake. Lakini jiweke kwenye kiti chake. Ameletewa mara mbili habari ya kitu kilichonunuliwa, hajaona ugonjwa, hajaona kitu cha zamani kilichotolewa, na gari analiona likiwaka kila jioni. Wewe umemfuata na bili, hujamfuata na gari lililozima. Ile pompi ya zamani iko wapi? Ukimwachia fundi, imeshauzwa kwa mwingine na huna cha kuonyesha.

Kwa hiyo yule mtu wa kuzungusha ufunguo awe yeye. Nenda kwake jioni, bila gari likiwa mazungumzo ya kwanza, umsalimie, ukae. Mwambie: baba, kesho saa sita likizima nitakupigia simu, naomba uchukue pikipiki uje ulione kabla halijapoa, nauli nitalipa mimi. Usimweleze habari za bobini. Akija, mpe kiti cha dereva na ufunguo wake. Wewe simama kwenye injini na ile buji. Mwite atazame mwenyewe kama kuna cheche. Kisha kaeni mhesabu ile taa pamoja, na yeye ndiye ahesabu kwa sauti. Mzee aliyehesabu moja, kisha nne, kwa mdomo wake, kando ya barabara ya Kadutu, hawezi kurudi nyumbani akasema gari ni zima. Na kama siku hiyo gari litakataa kuzima, kama magari yanavyopenda kufanya mkubwa akiwepo, usibishane. Rudieni keshokutwa.

Bobini ikithibitika, au delko nzima kama imo ndani, tafuta iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa, ya injini hiyohiyo, ipimwe ikiwa na joto kabla hujalipa. Muuzaji akikataa isipashwe moto, nenda kwa jirani yake. Mwende pamoja na baba mdogo dukani, alipe kwa mkono wake.

Ile ya zamani ipeleke nyumbani. Jioni, mama mdogo akishaipua sufuria, iweke bobini kando ya makaa, isiguse, mpaka iwe na joto la kukufanya uitoe mkono. Mpe baba mdogo mita, mwonyeshe pa kushika. Hakikisha watoto wapo.

Niandikie mlisoma ngapi.